Nyota ni za Mungu, kilima ni cha kijiji: maswali yenu kuhusu utalii wa anga la usiku

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: wageni wanaolipa kuja vijijini kutazama nyota, na wenyeji ambao hawaelewi wageni hao wanafuata nini gizani, au wanaelewa vizuri kuliko kampuni zinavyodhani. Tumezijibu kwa urefu usiolingana. Palipo na mambo mengi tumekaa, palipo na machache tumepita.

Wazee wanasema ni watafuta madini

*Mimi ni katibu wa kamati ya utalii ya kijiji, wilaya ya Longido. Kampuni imeomba hekari 4 juu ya kilima ijenge jukwaa la zege la kutazamia nyota. Wazee wamegoma. Wanasema hakuna mtu mwenye akili anayepanda kilima usiku na mashine kwa ajili ya nyota. Hao wanatafuta mawe. Vijana wanataka ajira. Tuanzie wapi?*

Ndugu katibu, anza kwa kukubali kwamba wazee wana hoja. Wilaya yenye machimbo ya rubi ya Mundarara haiwezi kumwona mgeni mwenye vyombo kilimani usiku ikafikiria sayari ya Zuhura. Hofu yao haitokani na ujinga, inatokana na uzoefu.

Yatenganisheni maombi mawili ambayo kampuni imeyafunga kwenye kifurushi kimoja: ruhusa ya kutumia kilima usiku, na hekari 4 za ardhi. Kutazama nyota hakuhitaji hekari. Uwanja wa hatua 20 kwa 20, udongo mgumu, majani yamefyekwa, hakuna mti mrefu upande wa kusini, unatosha darubini 2 na wageni 15. Zege lenyewe ni hasara kwa kazi hii. Hunywa joto la jua mchana kutwa na kulitoa usiku, hewa iliyo juu yake ikatetemeka, na sayari ndani ya darubini ikawa kama inachemka. Wanaoijua kazi hii huweka darubini juu ya udongo au nyasi fupi. Kampuni inayong'ang'ania zege na uzio huenda inatafuta mahali pa kambi, na ombi la kambi lijadiliwe kwa jina lake.

Kisha onyesheni kabla ya kuomba. Leteni darubini mchana kwanza, kwenye mkutano wa wazee, muielekeze kwenye ng'ombe wao wenyewe ng'ambo ya bonde. Waambieni mapema kwamba darubini ya kioo hugeuza picha, la sivyo mzee atakayeona ng'ombe miguu juu ataondoka akiamini mengine. Watakachokigundua wenyewe ni kwamba chombo hiki kinaona tu, hakipenyi ardhi. Usiku wa kwanza uwe wa wenyeji peke yao, bila mgeni hata mmoja. Chagueni mwezi wenye umri wa siku 5 hadi 8, kuanzia saa moja na nusu. Mwezi ndio wa kwanza kuonyeshwa, maana milima yake haina ubishi. Baada yake waulizeni wazee majina yao ya nyota. Kati ya Novemba na Aprili Kilimia, lile fungu dogo la nyota, kiko juu jioni, na mfugaji wa Kimaasai anayehesabia mvua kwa nyota hizo atakuwa na mengi ya kusema kuliko mwongozaji aliyesomea mjini. Hapo mzee amekuwa mwalimu, na mwalimu hugomea shule yake mara chache.

Kuna mifano miwili ya kuwasomea wajumbe. Huko Arizona, Marekani, viongozi wa kabila la Tohono O'odham walialikwa Tucson katika miaka ya 1950 wakauona mwezi kwa darubini kubwa. Mwaka 1958 walikubali kukodisha sehemu ya mlima wao mtakatifu, Kitt Peak, kwa hao waliowaita "watu wenye macho marefu". Huko Hawaii, kwenye mlima Mauna Kea, wenyeji walizuia barabara mwaka 2015 na tena 2019 kupinga darubini yenye kioo cha mita 30. Desemba 2015 mahakama ya juu ya jimbo ilifuta kibali cha ujenzi kwa sababu kilitolewa kabla waliokipinga hawajasikilizwa. Nyota ni zilezile na vilima vyote viwili ni vitakatifu. Kilichotofautiana ni nani aliulizwa, na lini.

Kwa sheria: ardhi ya kijiji haigawiwi na Halmashauri ya Kijiji peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kwanza idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Shauri letu ni kutogawa chochote. Toeni ruhusa ya matumizi ya mwaka mmoja, kwa usiku mtakaouorodhesha, kwa malipo ya kila mgeni, na kilima kibaki malisho mchana.

Mkataba tuuandike vipi, na hela inagawanywaje?

*Sisi ni jamii ya wafugaji kaunti ya Isiolo, ardhi yetu ya pamoja imesajiliwa. Kambi moja inataka kuleta wageni wa nyota kwenye mwamba wetu, itulipe kitita cha mwaka. Wengine wanasema tuchukue. Je, ni sawa?*

Kitita cha mwaka kinapendeza siku ya kutia sahihi tu. Kambi ikifurika, nyinyi mnabaki palepale. Ikikosa wageni, huja kuomba punguzo. Zaidi ya hayo, hela inayoingia mara moja kwa mwaka huwa haionekani na mtu wa kawaida, na asiyeiona ndiye atakayewasha tochi kuwamulika wageni makusudi. Ombeni malipo ya kichwa, yanayolipwa usiku uleule au mwisho wa wiki.

Chukulia wageni 8, kila mmoja KSh 1,500, jumla 12,000. Mgawanyo unaoweza kusimama ni huu: wasimuliaji wawili 3,000, mzee wa hadithi 1,200, walinzi wawili 1,600, chai na vitafunio 1,500, akiba ya vifaa 1,200, mfuko wa jamii 3,500. Sasa hesabuni usiku. Mbalamwezi inapokuwa kali, nyota ndogo hazionekani, kwa hiyo usiku mzuri ni kuanzia mwezi ulipobaki nusu hadi siku ya nne baada ya kuandama, kama usiku 11 hivi kwa mwezi. Toeni mawingu na siku zisizo na wageni, mpige hesabu kwa 6. Mfuko unapata KSh 21,000. Hela hiyo haijengi zahanati, na yeyote anayewaahidi zahanati kwa nyota anawadanganya. Inalipa karo za watoto wachache, inanunua dawa za mifugo, na inawapa watu saba au wanane kibarua kisichogombana na kazi ya mchana. Msimu wa mvua inashuka hadi karibu na sifuri.

Mkataba usisahau usiku wa mawingu. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa: mgeni anataka hela yake, na mlinzi ameshakesha. Andikeni kwamba mgeni akikosa nyota anarudishiwa nusu, na badala yake anapata moto, chai na hadithi. Wafanyakazi wanalipwa kamili, tofauti ikitoka kwenye akiba ya vifaa. Andikeni pia idadi ya juu ya wageni kwa usiku, saa ya mwisho (saa nne na nusu inatosha), nani anabeba gharama mgeni akiumia, na kwamba wasimuliaji ni wa jamii, si wa kuazimwa Nairobi.

Kuhusu idhini, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inadai makubaliano ya uwekezaji yapitishwe na theluthi mbili ya wanajamii wazima, katika mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo. Sahihi ya kamati peke yake ni karatasi tu. Mkishindwa kufikisha akidi, msilazimishe. Ahirisheni.

Kwa nini tunakazia mgawanyo? Uangalieni mji wa Sutherland, Afrika Kusini. Juu ya kilima kilicho jirani kuna darubini ya SALT, yenye kioo cha mita 11, iliyozinduliwa mwaka 2005, na mji mdogo uliokuwa wa kondoo sasa unajulikana kwa nyota. Wageni wanalala, wanakula, wanaondoka. Lakini faida hukaa zaidi kwa wenye nyumba za kulala wageni, na wasio na nyumba wanaambulia kufua mashuka. Upande wa pili, kwenye mpaka na Botswana, ni hifadhi ya !Ae!Hai ya Wasan wa ǂKhomani na jamii ya Mier. Ilipewa hadhi ya kimataifa ya anga la giza mwaka 2019, na ardhi yenyewe walikuwa wamesharudishiwa kwa madai waliyoyashinda miaka mingi kabla. Walianza kuwa wenye nyumba, ndipo wakakaribisha wageni.

Tumengoja umeme miaka yote, leo tuzime taa?

*Nina duka na mashine ya kusaga, Karatu vijijini. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, umetufikia juzijuzi. Sasa hoteli ya jirani imetuma watu kutuambia tupunguze taa kwa sababu wageni wao hawaoni nyota. Mimi nimeibiwa mara mbili gizani. Nimekosea kukasirika?*

Hujakosea, mama. Waliotumwa ndio waliokosea, maana hakuna anayekuhitaji uzime. Anayetaka anga jeusi anakuhitaji uielekeze taa chini, na mwizi naye anaonekana vizuri zaidi hivyo.

Balbu tupu iliyoning'inia ukutani hutupa mwanga pande zote. Ule unaokwenda juu haukusaidii dukani, na unaokwenda ulalo ndio mbaya kuliko wote: unasafiri mbali, unagonga vumbi na hewa, unatawanyika na kuwa ukungu mweupe juu ya kijiji. Tena unakupiga wewe mwenyewe machoni. Simama nje ya duka lako usiku, uikinge balbu kwa kiganja usiitazame, uone jinsi kivuli cha nyuma ya mashine ya kusaga kinavyofunguka. Mwizi hujificha kwenye kivuli kile ambacho mng'ao wa taa yako umekuzuia kukiona.

Kofia ya taa unaitengeneza kwa kopo la rangi la lita 4. Toboa kitako upitishe waya na kishikio cha balbu, kisha toboa matundu sita madogo kuzunguka kitako joto litoke. Balbu nzima ikae ndani ya kopo, ncha yake ibaki sentimita 5 juu ya ukingo. Ikichungulia nje hata kidogo, kazi yote imepotea. Hili ndilo kosa linalofanyika mara nyingi kuliko yote. Ndani acha peupe, kunarudisha mwanga chini. Tumia balbu ya LED peke yake, wati 5 hadi 9. Balbu ya zamani ya waya itachoma rangi ya kopo na hatimaye waya. Funga kwenye urefu wa mita 3, si zaidi. Kama taa iko nje kwenye mvua, mkunje waya ushuke chini kidogo kabla ya kuingia kwenye kopo, maji yadondoke hapo yasifuate waya hadi ndani.

Rangi ya mwanga ina uzito wake. Kwenye boksi la balbu pameandikwa namba na herufi K. Chagua 2700K au 3000K, ile yenye umanjano. Nyeupe kali ya 6500K ina rangi ya buluu nyingi, na buluu ndiyo inayotawanyika zaidi hewani, sababu ileile inayofanya mbingu za mchana ziwe za buluu. Bei ni karibu moja.

Ukiona ugumu kugharimia, wapelekee hoteli bili. Tunasema hivi bila utani. Hoteli inauza giza kwa wageni. Kopo, balbu na fundi kwa kila nyumba inayoonekana kutoka uwanja wao ni gharama ndogo ya biashara yao. Kabla ya kukupa somo, wazime taa zao za bustani na za bwawa, ambazo mara nyingi ndizo kali kuliko za kijiji kizima. Hifadhi ya NamibRand huko Namibia, ya kwanza Afrika kupata hadhi ya hifadhi ya anga la giza mwaka 2012, ilianza kwa kubadilisha taa za kambi zake.

Sheikh amesema unajimu ni haramu

*Naongoza wageni Lamu. Nilitangaza usiku wa unajimu ufukweni, sheikh akakataza watu wasije. Namheshimu, ila nyota si uchawi.*

Tatizo lako, kijana wetu, lilianzia kwenye tangazo. Neno unajimu limebeba mizigo miwili: elimu ya nyota, na upigaji ramli kwa nyota. Kwa mtu wa kawaida, mnajimu ni yule wa kutabiri ndoa na uchaguzi. Sheikh alikataza alichosoma, na alichosoma kweli kinakatazwa. Andika falaki, yaani elimu ya nyota, au kutazama nyota. Uende kwake mwenyewe kabla ya kubandika tangazo jingine, si baada.

Ukifika kwake usiende kumfundisha. Anajua kuliko wewe kwamba Qurani inazitaja nyota kuwa za kuongozea njia katika giza la bara na bahari, na jua na mwezi kuwa za kujulia hesabu ya miaka. Manahodha wa majahazi walikwenda na kurudi Arabuni kwa pepo za kaskazi na kusi na kwa elimu hiyohiyo. Zuhura, Mirihi, Mushtara, Zohali, na makundi ya nyota ya Akarabu (Nge) na Jabari (Orion): majina haya yako msikitini na bandarini kabla ya mtalii wa kwanza. Mwombe yeye, au mzee aliyewahi kushika usukani, afungue usiku kwa dakika 15.

Kisha panga saa zako. Usianze kabla ya Isha kwisha. Saa mbili na nusu ni salama. Usifanye usiku wa kuamkia Ijumaa bila kuuliza. Jioni ya kutafuta mwezi mwandamo, hasa wa Ramadhani na Shawwali, usipeleke wageni wala darubini ufukweni hata ukiombwa. Kuandama kwa mwezi kuna wenyewe na kuna mabishano yake. Darubini yako ikisema umeonekana na kadhi akasema haujaonekana, biashara yako imekwisha mjini hapo.

Na mavazi ya wageni uyaseme kwenye tangazo la Kiingereza. Usiku haubadilishi mji.

Darubini gani shule inunue?

*Mimi ni mwalimu wa fizikia, Mbarali. Tangu kupatwa kwa jua Rujewa, Septemba 2016, wanafunzi na hata wageni wanaopita kwenda Ruaha huuliza. Tumechanga. Duka la Dar linatuuzia darubini "inayokuza mara 675", ina miguu mitatu na mota. Tuchukue?*

Hapana, mwalimu. Namba ya ukuzaji kwenye boksi ni ya kuuzia. Darubini huona kwa upana wa kioo chake, na ukuzaji wenye manufaa haupiti sana mara 2 kwa kila milimita ya upana. Kioo cha milimita 70 kikikuzwa mara 675 kinakupa giza linalotikisika.

Nunueni darubini ya kioo ya inchi 8 kwenye kitako cha mbao cha kuzungusha kwa mkono, aina inayoitwa Dobson. Kioo ni milimita 203, urefu wa foka (umbali kutoka kioo hadi picha inapokusanyika) ni milimita 1,200, uzito kama kilo 20, haina mota wala betri. Kwa lenzi ya jicho ya milimita 25 inakuza mara 48, kwa ya milimita 10 mara 120. Ongezeni binokula moja ya 10x50 kwa wanaosubiri foleni.

Mota mnayouziwa ina kasoro mbili kwenu. Kwanza umeme na vumbi. Pili, stendi nyingi za bei nafuu zenye mhimili wa kuelekezwa ncha ya dunia zimetengenezwa kwa nchi za mbali na ikweta. Mbarali mhimili huo unapaswa kuinuliwa nyuzi kama 9 tu, na stendi hizo hazishuki hadi hapo. Zikilazimishwa, uzito wa kusawazishia hugonga mguu. Nyota ya Kaskazini ya kuzipangia nayo kwenu haionekani.

Wageni wakija, tumieni lenzi ya milimita 25. Dunia inazunguka, na kwa kukuza mara 48 nyota hukaa ndani ya lenzi dakika 4 hivi. Kwa mara 120 inatoka kabla ya dakika 2 kuisha. Mgeni wa tatu kwenye foleni ataona weusi na atasema "ndiyo, nimeona" kwa adabu. Watu 12 kwa dakika moja na nusu kila mmoja ni dakika 18 kwa kitu kimoja, kwa hiyo usiahidi vitu zaidi ya vinne. Juni hadi Oktoba: Akarabu na kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda mweupe wa nyota. Mwanzoni mwa mwaka: Kilimia na wingu la Jabari. Aprili na Mei Msalaba wa Kusini uko juu vizuri, ila mvua ndiyo mwenye uamuzi.

Yanayoharibika: barabara ya vumbi hutikisa vioo vikahama, nyota zikaota mkia kama kimondo. Toboa tundu la milimita 2 katikati ya kifuniko cha plastiki cha mahali pa lenzi ya jicho, kifunike hapo uchungulie, ukaze skrubu za nyuma hadi duara zote zikae katikati. Toeni darubini nje dakika 30 hadi 45 kabla, kioo kipoe. Umande ukishika lenzi, usifute. Ipashe joto mfukoni. Kioo kikubwa usikiguse kwa kitambaa kamwe: vumbi juu yake halipunguzi mwanga kwa kiasi cha kuonekana, lakini mkwaruzo haufutiki. Pulizeni kwa kipira cha kusafishia masikio ya mtoto. Tochi zifungwe nailoni nyekundu tabaka mbili, maana jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza na simu moja huliharibu kwa sekunde. Leza ya kijani isizidi miliwati 5, ishikwe na mwalimu peke yake, na ikisikika ndege, ishushwe.

Darubini isielekezwe juani kamwe bila kichujio kinachofunika mdomo wake wote. Hata ile ndogo ya kulengea, mchana ifunikwe.

Ng'ombe wanashtuka

*Wageni wa nyota wakipita na magari karibu na boma, ng'ombe wanashtuka na mbwa wanakesha. Nimlalamikie nani?* — Mfugaji, Kajiado

Mlalamikie aliyechora njia. Gari lisimame mita 500 kutoka boma la mwisho, wageni wamalizie kwa miguu wakiwa na mlinzi wa kijiji, taa kubwa zikiwa zimezimwa. Kinachoshtua mifugo zaidi ni taa inayopita ghafla kwenye macho, kuliko mlio wa injini. Kama njia ya wageni inakatiza njia ya tembo kwenda majini, njia ihamishwe, si saa. Tembo hana saa. Na mwenye boma la karibu awe wa kwanza kuajiriwa ulinzi. Si hongo, ndiye anayejua mbwa yupi anang'ata.

Mawe ya Kalokol: niwaambie nini wageni?

*Mimi ni mwongozaji wageni, Turkana. Kampuni inataka niseme nguzo za mawe za Namoratunga karibu na Kalokol ni kituo cha nyota cha miaka 300 kabla ya Kristo. Bibi yangu anasema ni watu waliogeuka mawe wakicheza ngoma. Nimfuate nani?*

Sema yote mawili, ila kila moja na mwenyewe. Mwaka 1978 watafiti Lynch na Robbins walidai nguzo 19 za hapo zilielekezwa kwa nyota za kalenda inayofanana na ya Waborana. Dai likasambaa. Wengine waliopima upya walilipinga, na uchimbaji wa baadaye katika nguzo za mawe za kando ya Ziwa Turkana umeonyesha makaburi ya wafugaji wa karibu miaka 5,000 iliyopita, mbali kabisa na ile miaka 300. Ukimwambia mgeni kwa uhakika kwamba ni kituo cha nyota, mgeni mmoja kati ya kumi atakuwa amesoma, na atakuaibisha mbele ya wenzake.

Anza na simulizi ya bibi, kwa jina ambalo Waturkana wenyewe wanapaita mahali hapo, kisha mabishano ya wasomi, ambayo wageni huyapenda kuliko jibu. Kalenda ya Waborana ni kweli, inahesabiwa kwa mwezi na nyota bila kuandikwa. Lakini ni ya Waborana, usiihamishie Kalokol. Kumbuka ni makaburi. Kiti cha kukunja kisiwekwe katikati ya nguzo, mtu asiegemee, na darubini ikae nje ya duara kwa hatua 50.

Kupatwa kwa jua 2027

*Naishi Jeddah. Ndugu zangu Lamu wanataka kujenga vyumba vya wageni kwa ajili ya kupatwa kwa jua Agosti 2027. Niwatumie hela?*

Usiwatumie kwa sababu hiyo. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu kwenye ukanda unaopita kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Misri, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia. Kenya na Tanzania zitaona sehemu tu ya jua ikifunikwa, na hakuna anayepanda ndege kwa ajili ya sehemu. Wewe ndiye uliye kwenye ukanda: Jeddah itakuwa na giza la zaidi ya dakika 5 mchana. Ndugu zako ndio wa kuja kwako.

Kwa Tanzania, la kupangia ni kupatwa kwa pete, jua likibaki duara jembamba la mwanga, tarehe 21 Mei 2031, kutakakopita Angola, Zambia, Kongo na Tanzania. Hata hapo wajenge cha kuondolewa, mahema na vyoo vya muda, wala wasikope. Novemba 2013 wageni walisafiri hadi Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana, kwa kupatwa kusikofika sekunde 20, na dhoruba ya mchanga ikafunika anga dakika za mwisho. Wenyeji waliouza maji, usafiri na nyama ya mbuzi walilipwa vilevile. Miwani ya kutazamia jua inunuliwe ile yenye alama ya ISO 12312-2, na kabla ya kugawa kila moja ikaguliwe kwa taa kali ya chumbani: ukiiona taa ikiwaka waziwazi kupitia miwani, au kuna tundu dogo kama la sindano, ikate vipande usije ukampa mtoto wa jirani.